Maneno ya Jambo Lisilo na Ubishi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo makatibu wa vikundi, vyama vya msingi vya ushirika na kamati za shule hapa Tabora wameniuliza katika miaka ambayo nimekuwa nikiandika na kusahihisha mihtasari ya vikao. Wengi huja na shida inayofanana. Wanataka kuandika kwamba jambo fulani halikuzua ubishi, au haliwezi kuzua, lakini kalamu inasita kwa sababu maneno ni mengi na uzito wake haulingani.

Je, Kiswahili kina neno moja la kuelezea jambo lisiloleta mabishano?

Hakina kivumishi kimoja kinachobeba maana hiyo yote, na sioni kama huo ni upungufu. Kiswahili hulijenga wazo hilo kwa kukanusha. Tunachukua nomino ya mvutano, kama ubishi, utata, mgogoro, mzozo, mjadala au shaka, tunaitangulizia kirejeshi kikanushi, na tunapata jambo lisilo na ubishi, suala lisilo na utata, shamba lisilo na mgogoro. Au tunachukua kitenzi, kama kupinga, kubisha au kukanusha, na tunapata hoja isiyopingwa, ukweli usiopingika, maelezo yasiyobishaniwa. Faida yake ni kwamba mwandishi analazimika kutaja ni mvutano wa namna gani ambao haupo, kwa kuwa jambo linaweza kukosa mgogoro na bado likawa na shaka. Mtu aliyemwazima jirani yake jembe hana mgogoro naye hata kidogo, ila anaweza kuwa na shaka kubwa kama jembe litarudi kabla ya mvua.

Yapo pia maneno yasiyojengwa kwa kukanusha, kama vile dhahiri, bayana, wazi na yakini. Hayo yana hila yake, nami nitayafikia.

Kuna tofauti gani kati ya “lisilopingwa” na “lisilopingika”?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila katibu alijue kabla ya mengine yote, kwa maana makosa mengi ya mihtasari huanzia katika mwisho huo wa neno. “Lisilopingwa” lina kiambishi cha kutendwa, kwa hiyo linaeleza kilichotokea: hakuna mtu aliyelipinga. “Lisilopingika” lina kiambishi cha kutendeka, ambacho hapa kinaeleza uwezekano: haliwezi kupingwa, hata mtu akitaka.

Ifikirie barabara ya vumbi wakati wa masika. Barabara isiyopitika ni ile ambayo gari litazama kwenye tope hata dereva awe hodari namna gani. Barabara isiyopitwa inaweza kuwa kavu na nzuri kabisa, ila hakuna aliyekuwa na safari ya upande huo. Msomaji anayesoma “isiyopitika” anaahirisha safari, ilhali anayesoma “isiyopitwa” anajiuliza tu kwa nini watu hawaendi huko.

Kwa hiyo, ikiwa mweka hazina alisoma taarifa ya fedha na hakuna mjumbe aliyenyoosha mkono, taarifa hiyo haikupingwa. Huna haki ya kuandika kwamba haipingiki, maana hujui kesho mkaguzi atafungua stakabadhi gani. Kinyume chake, kwamba Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, au kwamba reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ni mambo yasiyopingika, hata akitokea mtu wa kuyapinga. Kuna vitu vinavyopingwa kila siku na bado havipingiki, na vipo vingine vingi ambavyo havijawahi kupingwa kwa sababu tu hakuna aliyevichunguza.

Tofauti hiyohiyo iko kati ya “lililokubaliwa” na “linalokubalika”. La kwanza lina watu nyuma yake, ambao walikaa na wakakubali. La pili linasema tu kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kulikubali.

Je, “halina utata” ni sawa na “halina ubishi”?

Hapa nina kisa changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliandika muhtasari wa kikao cha kikundi kilichokuwa kinanunua kiwanja. Mpima alieleza mipaka kwa ramani, kila mtu akaielewa, ila mjumbe mmoja mzee, jirani wa kiwanja hicho, alisema upande wa korongo mpaka umeingia kwake. Mimi, nikiwa na maana kwamba maelezo ya ramani yalieleweka, niliandika: “Suala la mipaka halina utata.” Baada ya siku nne mzee alikuja nyumbani na nakala ya muhtasari imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, neno “utata” limepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Hakupaza sauti. Aliketi, akakataa chai, akaniuliza: “Mwanangu, utata haupo kwa nani?”

Sikuwa na jibu, na ninakiri kwamba kosa lilikuwa langu. Neno “utata” lina vyumba viwili. Asili yake ni kutatana, kama uzi au nywele zilizosokotana, na kwa hiyo chumba cha kwanza ni ugumu wa kueleweka: sentensi tata ni ile inayobeba maana zaidi ya moja. Chumba cha pili, ambacho kimepanuka sana katika magazeti na redio, ni kuleta mvutano, kama tunaposikia habari za mkataba wenye utata au penalti yenye utata. Mimi nilikuwa katika chumba cha kwanza, naye mzee alikuwa katika cha pili, na wote tulikuwa tunazungumza Kiswahili sahihi.

Katika kikao kilichofuata, tulipofika kwenye kuthibitisha muhtasari, sentensi ilisahihishwa ikawa: “Mipaka ilielezwa kwa ramani na maelezo yakaeleweka kwa wajumbe wote; mjumbe mmoja hakukubaliana na mpaka wa upande wa korongo.” Sentensi ni ndefu, lakini hakuna aliyerudi na kalamu nyekundu. Tangu hapo ushauri wangu ni huu: ukimaanisha kueleweka, andika “yanaeleweka”, ukimaanisha hakuna aliyepinga, andika “hayakupingwa”, na “utata” uuache kwa ajili ya sentensi na mafumbo.

Niandike “kwa kauli moja”, “bila kupingwa” au “wajumbe waliafiki”?

Maneno haya matatu hupangwa kimakosa kana kwamba ni visawe. “Kwa kauli moja” inadai kwamba wote walisema ndiyo, kwa hiyo mjumbe mmoja aliyenyamaza anatosha kuifanya sentensi kuwa ya uongo. “Bila kupingwa” inadai machache kuliko hiyo: hakuna aliyesema hapana. Katika uchaguzi tunasema mgombea amepita bila kupingwa pale ambapo hakuwa na mshindani, na kila mtu anajua kwamba maneno hayo hayasemi lolote kuhusu idadi ya watu wanaompenda. “Kuafiki” ni tendo linaloweza kuhesabiwa, na ndiyo maana Bungeni huulizwa wanaoafiki waseme ndiyo, kisha wasioafiki waseme siyo, halafu husikika kwamba walioafiki wameshinda. Mahali penye washindi pana walioshindwa, kwa hiyo kuafikiwa si dalili ya kukosekana kwa ubishi.

Katibu mwangalifu hutazama ukumbi kabla ya kuchagua. Iwapo mwenyekiti aliuliza “Tuko pamoja?” na watu wakanyamaza huku mmoja anatazama dirishani, andika “bila kupingwa” na usiongeze kitu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nimeusikia mshindo huo mara nyingi kwenye ajenda ya mengineyo, saa ambayo watu wameshaanza kukusanya madaftari.

Je, inafaa kuandika “hilo halina mjadala”?

Katika maandishi rasmi, hapana. Kwa sura yake inafanana na maneno ya kueleza, lakini kwa matumizi yake ni amri. Mtu anaposema “hilo halina mjadala”, mara nyingi ni kwa sababu mjadala umeanza na yeye anataka uishe. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba jua kuchomoza mashariki hakuna mjadala, kwa maana hakuna aliyekuwa amefungua mdomo.

Tofauti na hilo, “halina neno” ni msemo mpole na wa kale ambao mimi naupenda. “Hilo halina neno” humaanisha sina pingamizi, tuendelee. Unafaa katika barua kati ya watu wanaoheshimiana, na hata katika muhtasari ukiwa unanukuu kauli ya mjumbe. “Haina shida” na “haina noma” ziache kwenye simu.

Maneno “dhahiri”, “bayana” na “wazi” hayatoshi?

Yanatosha pale ambapo kitu kinaonekana na wote kwa namna moja. Hila niliyoitaja mwanzoni ni kwamba yanaeleza jinsi jambo linavyoonekana kwa anayelitazama, kisha yanajifanya kueleza jambo lenyewe. Mwandishi anayeanza sentensi na “ni dhahiri kwamba” mara nyingi anaruka hatua ya kutoa ushahidi, na “ni dhahiri shahiri” anaruka hatua mbili. “Yakini” ni neno zito zaidi, kwa kuwa linahusu uhakika wa ndani wa mtu. Unaweza kuwa na yakini na jambo ambalo mwenzako analipinga kwa yakini ileile.

Mfano ulio karibu nasi ni soko la tumbaku. Marobota yamepangwa kwa mistari sakafuni mwa ghala, mteuzi wa madaraja anapita, anafungua robota, anatoa jani, analigeuza, analivuta kidogo kwa vidole, analinusa, anaandika daraja. Mkulima aliyekesha kwenye bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, akichochea moto amesimama hatua mbili nyuma yake. Mizani ikisoma kilo 46, wote wawili wataandika 46 na hakuna neno. Mteuzi akisema jani hili ni la daraja la chini, hapo ndipo ubishi unapoanza, na kila upande utasema kwamba ubora wa jani ni dhahiri kwa mtu yeyote mwenye macho. Hata rangi si salama kama tunavyodhani: jani ambalo asubuhi mlangoni lilikuwa la rangi ya limau, saa kumi na moja jioni ndani ya ghala lina rangi ya chungwa.

Basi ni maneno gani ya kuelezea vitu ambayo hayaelekei kuleta mabishano?

Ni yale yanayoweza kupimwa, kuhesabiwa au kutazamwa upya na mtu mwingine akapata jibu lilelile: uzito, urefu, idadi, tarehe, mahali, jina la kitu kilichotumika. Sifa zenye hukumu ndani yake, kama bora, mbovu, tamu, ya kisasa, au duni, huzaa ubishi hata zikisemwa kwa nia njema.

Jaribu kuandika lebo ya asali. “Asali bora kabisa ya Tabora” itapingwa na kila mrina asali wa Sikonge na Urambo ambaye ndoo yake haikuwa yako. “Asali ya nyuki wakubwa kutoka misitu ya miombo, imechujwa kwa kitambaa, haikupashwa moto” haitapingwa, isipokuwa kama ni uongo. Maelezo ya pili yanampa mnunuzi mambo ya kujiamulia mwenyewe, na nionavyo mimi yanauza zaidi, ingawa hilo la kuuza nalo lina ubishi wake.

Nifanye nini ikiwa sehemu ya jambo haina ubishi na sehemu nyingine inao?

Ikate sentensi mahali ubishi unapoanza. Wanaoandika historia ya huku kwetu wanalijua hili kwa taabu. Chukua habari ya Henry Morton Stanley kumkuta David Livingstone. Kwamba walikutana Ujiji, na kwamba ulikuwa mwaka 1871, hakuna anayebisha. Siku yenyewe ni jambo jingine: Stanley aliandika tarehe 10 Novemba, lakini hesabu za Livingstone zinaelekeza siku za mwisho za Oktoba, na wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku kwa sababu ya homa na safari. Maneno ya salamu ambayo Stanley alisema aliyatamka siku hiyo nayo yanatiliwa shaka, kwa kuwa kurasa za shajara yake zinazohusu mkutano huo zilichanwa. Kwamba baadaye walikuja pamoja hadi Kwihara, jirani na mji wetu, na wakaagana Machi 1872, halina ubishi.

Sentensi nzuri basi ni hii: “Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba 10 kutegemea hesabu inayofuatwa.” Sentensi mbaya ni ile inayoweka “inajulikana wazi kwamba” mbele ya tarehe ya siku. Neno “inajulikana” lina tabia ya kufunika vitu vyote vinavyolifuata kwa blanketi moja, hata kile kisichostahili.

Je, jina lililokubalika na wengi linaweza kuhesabiwa kuwa halina upande?

Si lazima, na mji wetu una mfano mkubwa kuliko wote. Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora kujadili kama kishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walifika wakiwa na msimamo wa kususia. Mwalimu Nyerere aliwashawishi washiriki, hoja yake ikashinda, na katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mwaka 1958 na 1959 wagombea waliosimamishwa na kuungwa mkono na TANU walifanya vizuri mno. Uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara, na ndivyo tunavyouita hadi leo.

Tazama kilichotokea katika jina. Uamuzi huo ulikuwa na ubishi mkali kiasi kwamba Zuberi Mtemvu alijitoa TANU na kuanzisha chama kingine, lakini jina la uamuzi huo linasikika kana kwamba hapakuwa na mtu aliyepinga, maana nani atapinga busara? Matokeo ndiyo yaliyoupa sifa hiyo. Simaanishi jina libadilishwe. Mimi mwenyewe nalitumia. Nasema tu kwamba anayeandika kwa uangalifu ataandika “uamuzi uliokuja kuitwa Uamuzi wa Busara”, na kwa maneno hayo machache atakuwa ameacha nafasi ya wale waliokuwa ukumbini na hawakuona busara yoyote wakati ule.

Mahakamani hutumika neno gani?

Hutumika “mambo yasiyobishaniwa”, na hapo neno lina nguvu ya kisheria. Katika kesi ya jinai, mshtakiwa akikana shitaka, mahakama husikiliza maelezo ya awali ili kutenga yale ambayo pande zote mbili zinakubaliana. Mambo hayo huandikwa, husomwa na kuelezwa kwa mshtakiwa kwa lugha anayoielewa, kisha hutiwa saini, na kwa kawaida huchukuliwa kuwa yamethibitishwa bila kuita shahidi. Angalia kwamba ni “yasiyobishaniwa” na si “yasiyobishika”: kauli ya kutendana imo ndani yake, pande mbili zikitazamana. Kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini, uangalifu wa namna hii si wa wanaisimu peke yao tena.

Tangazo la kuuza shamba liseme “halina mgogoro”?

Liseme, mradi muuzaji awe ameuliza. “Halina mgogoro” katika mauzo ya ardhi ni kauli kuhusu watu wengine: jirani, ndugu wa marehemu, mke, serikali ya kijiji. Ni afadhali kuandika kilichofanyika, kwa mfano kwamba majirani wote wanne walioneshwa mipaka mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na wakasaini. Mnunuzi akisoma hivyo atajua wa kumuuliza.

Na “lisilo na hitilafu”?

Liache. Zamani hitilafu ilikuwa tofauti baina ya vitu au watu, na bado tunasema watu wamehitilafiana, lakini leo ukitaja hitilafu msomaji anafikiria umeme kukatika.

Kwa nini wengine huandika “ukweli isiyopingika”?

Kwa kughafilika na upatanisho. Ukweli usiopingika, hoja isiyopingika, jambo lisilopingika, mambo yasiyopingika, kitu kisichopingika.

Ni “mwafaka” au “muafaka”?

Zote mbili utazikuta katika maandishi. Mimi hutumia “mwafaka”, iwe ni makubaliano yaliyofikiwa baada ya mvutano, kama ile miafaka ya kisiasa ya Zanzibar ya mwaka 1999 na 2001, au sifa yenye maana ya kufaa, kama katika “wakati mwafaka”. Kwa maana ile ya kwanza, kumbuka kwamba mwafaka hautajwi mahali ambapo hapakuwa na ugomvi. Kikao kilichokubaliana kununua viti vipya dakika ya tatu hakikufikia mwafaka. Kilinunua viti.